Maswali ya Wasomaji: Amina Iliyokataa Kutoka

*Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Akishika kipaza sauti kuomba, watu hulia. Nyumbani ni habari nyingine. Tukitofautiana hata kwa jambo dogo ananinunia siku tatu, nne, na akiwa na neno anamtuma mtoto: "Mwambie mama yako natoka." Jumapili iliyopita aliziombea ndoa za washirika, kanisa zima likaitikia "Amina". Mimi mdomo ulikataa. Je, nimetenda dhambi? Na maombi yake yanasikiwa? — Mke wa Mzee*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mchungaji, nikakuonea huruma. Mara ya pili niliisoma kama mume, na hapo nikaona afadhali niiweke mezani kwanza.

Tuanze na hiyo Amina. Ni neno la Kiebrania, maana yake "hakika", "na iwe hivyo". Si makofi ya kumpongeza mwombaji. Kama ulinyamaza kwa sababu moyo wako haukutaka kusema uongo mbele za Mungu, sioni dhambi. Ila ombi lenyewe lilikuwa jema, tena lilikuhusu wewe kuliko wengi waliokuwa wamesimama pale. Unaweza kuitikia ombi bila kumtilia sahihi anayeliomba.

Ama kuhusu maombi yake, mimi sina mizani ya kuyapimia, lakini Petro ameliandika jambo hili waziwazi. Katika 1 Petro 3:7 anawaagiza waume wakae na wake zao kwa akili na kuwapa heshima, kama warithi pamoja wa neema ya uzima, "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe". Kitenzi cha Kigiriki alichotumia kina picha ya kukata njia, kama barabara iliyochimbwa katikati msafara usipite. Na anayechimba hapo hakutajwa kuwa Shetani. Ni mume mwenyewe, kwa jembe lake. Wala Petro hakuwa mtu wa kusimulia ndoa za wenzake: Marko anamtaja mama mkwe wake aliyelala na homa, na Paulo anawaambia Wakorintho kwamba Kefa, yaani Petro huyo huyo, alisafiri na mkewe. Sisi wahubiri tunapenda kusimama kwenye "chombo kisicho na nguvu", jinsi mstari huohuo unavyomwita mke, na kuhubiri saa nzima. Mstari hauishii hapo, unaishia kwenye maombi ya mwanamume.

Nikwambie la kwangu. Zamani, watoto wangali wadogo, nilikuwa nimepiga magoti alfajiri, mlango umefungwa kama Mathayo 6 inavyosema. Mwanangu wa pili akausukuma, kiatu mkononi, kamba imefungana fundo. "Baba, nifungulie." Nikamfokea: "Huoni naomba?" Akarudi kinyumenyume, akauvuta mlango polepole sana. Nikafumba macho tena: "Baba yetu..." Lile neno "yetu" likanikwama. Yetu na nani? Niliinuka nikamkuta ameketi sakafuni, analing'ata lile fundo kwa meno. Tulilifungua pamoja, na asubuhi hiyo sikurudi magotini.

Kwa hiyo namwelewa mume wako kuliko ninavyopenda kukiri. Kipaza sauti kina utamu wake, na nyumbani hakuna anayelia tukiomba.

Ufanye nini? Usimsomee mstari huo siku amenuna, ataugeuza silaha na wewe utakuwa umeugeuza kwanza. Ngoja siku ya amani, mtoto hayupo, umwambie jambo moja tu: mtoto asitumwe tena. Anza na hilo kwa sababu ndilo linaloumiza asiyekuwa na kosa. Asiposikia, Mathayo 18 inakuruhusu kuchukua mtu mwingine, na mchungaji wenu ana haki ya kujua, maana Paulo alipomwandikia Timotheo aliweka usimamizi wa nyumba miongoni mwa sifa za kiongozi. Kufanya hivyo si kumwaibisha. Na kama pamoja na kununa kuna mkono unaoinuliwa, futa yote niliyosema kuhusu kungoja. Toka wewe na mtoto mkae mahali salama, umwambie mtu leo. Maombi yataendelea mkiwa huko.

*Nimeongozwa sala ya toba mara nne katika mikutano tofauti. Kila nikianguka dhambini naona kama sikuokoka. Niende tena mara ya tano? — Kijana mwenye wasiwasi*

Usiende, kijana wangu. Usiku ule Yesu alipowaosha wanafunzi miguu, Petro alitaka aoshwe mpaka kichwa. Akajibiwa: "Yeye aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu." Wewe kila ukikanyaga tope unataka kuogeshwa upya. Ungama hiyo dhambi kwa jina lake, kama 1 Yohana 1:9 inavyosema, uiache. Kama aliyeokoka anaweza kupotea kabisa, Wakristo wamebishana tangu zamani na ukurasa huu hautalimaliza. Lakini Waefeso 2:8 inasema wokovu ni kipawa, na sijaona mtu akipokea kipawa kilekile mara tano.

*Nikiomba mawazo yanazurura. Dakika mbili tu, nimeshafika kazini. Nifanyeje? — Msomaji*

Kinyozi wa Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa kule Ujerumani, alimuuliza namna ya kuomba, na mwaka 1535 Luther akamwandikia jibu. Alimkumbusha kazi yake mwenyewe: kinyozi akiacha macho yazurure huku wembe uko kidevuni, atamkata mtu pua au koo. Shauri lake lilikuwa kushika maneno machache, kama Sala ya Bwana au amri moja, na kukaa nayo hapo hapo badala ya kukimbilia mengi. Lijaribu. Omba kwa sauti pia, hata ya chini. Mimi siku hizi huomba nikitembea, kwa sababu magoti yamestaafu kabla yangu, na nikiketi nasinzia.