Maswali Yenu: Lori Halikuoni Ukiwa Ubavuni

SWALI: Naendesha bodaboda Mbagala. Kwenye foleni huwa napenya kushoto kwa malori ili niwahi mataa. Majuzi semi ilikata kushoto ikanibana ukingoni, na indiketa sikuiona. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu yetu, pole sana. Hapo ulipokuwa ni pabaya kuliko popote barabarani. Semi ikitaka kukata kushoto, kichwa hutanua kulia kwanza ili tela lipate nafasi. Wewe unadhani anakuachia njia. Kumbe tairi za nyuma za tela hazipiti zilipopita za mbele: hukata kona kwa ndani na kusogelea ukingo, na ile nafasi uliyoingilia huisha kabla hujalimaliza tela. Indiketa ya nyuma ulikuwa umeshaipita, na ya mbele ilikuwa bado mbali nawe.

Kama huuoni uso wa dereva kwenye saitimira yake, naye hakuoni. Hata ukiuona, hujui kama anatazama. Karibu na njia panda kaa nyuma ya lori, mita tano hivi, ukiegemea kulia ndani ya njia yako ili uonekane kwenye saitimira ya upande wa dereva. Usiende kusimama chini ya bampa pia. Kiti cha lori kiko juu, na pikipiki iliyo mita moja mbele yake inamezwa kabisa. Mataa yakiruhusu, anaondoka akijua mbele ni peupe.

SWALI: Wenzangu kijiweni wananiambia breki ya mbele inapindua, nitumie ya mguu tu. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na ushauri huo unaua. Ukifunga breki, uzito mwingi husukumwa mbele: tairi ya mbele inakandamizwa na kushika lami, ya nyuma inakuwa nyepesi, inajifunga na kuteleza. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakula karibu mita 14 kila sekunde, na sekunde ya kwanza hupotea kabla hata hujagusa breki. Hizo zilizobaki usizichezee.

Inayopindua ni breki iliyokamatwa ghafla, au iliyofungwa usukani ukiwa umekunjwa, au kwenye mchanga na dizeli iliyomwagika, hasa kwenye kipilefti. Nyoosha pikipiki, gusa mbele na nyuma pamoja, kisha kaza ya mkono taratibu kadiri unavyoisikia pua inazama. Ifanyie mazoezi uwanjani kwa mwendo wa 20, mara kumi au kumi na tano, mpaka vidole vizoee. Kwenye vumbi au kokoto tegemea zaidi ya nyuma, kwa upole. Ukiwa na abiria, ya nyuma hupata nguvu zaidi kwa sababu uzito wake uko huko.

Tazama na breki yenyewe. Pedali icheze sentimita 2 hadi 3 kabla haijaanza kushika. Pikipiki nyingi za breki za ngoma zina mshale mdogo kwenye kifuniko cha ngoma. Bonyeza breki hadi mwisho, na mshale ukipita alama, brekishuu zimekwisha. Kukaza nati wakati huo ni kujidanganya. Ukitoka kwenye maji ya mvua, bonyeza kidogo kidogo ukiwa unatembea ili ngoma ikauke.

SWALI: Mimi ni dereva wa gari. Nikikata kulia, bodaboda inatokea kusikojulikana.

JIBU: Mara nyingi inatokea nyuma yako, ikikuovateki kulia wakati umepunguza mwendo. Washa indiketa kabla hujagusa breki, tazama saitimira ya kulia, kisha geuza kichwa kabisa. Inayokuja mbele yako ni habari nyingine: nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele inatosha kuificha pikipiki nzima, kwa hiyo sogeza kichwa mbele na nyuma, utazame mara ya pili. Kitu chembamba pia huonekana kiko mbali kuliko kilivyo.

Kwa waendesha pikipiki: gari linalopunguza mwendo karibu na uchochoro wa kulia msilipite kulia. Tazameni tairi yake ya mbele. Inapinda kabla bodi haijageuka.

SWALI: Helmeti ya abiria inamcheza kichwani. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Funga mkanda hadi viingie vidole viwili tu chini ya kidevu, halafu isukume kutokea kisogoni. Ikivuka paji la uso, tafuta saizi nyingine. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, lakini iliyoruka kichwani haimsaidii mtu. Iliyowahi kugonga lami kwenye ajali itupwe hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani limeshabonyea na halirudi.