Usiseme "kwetu hakuna mambo ya rangi"

Mdogo wangu unayejiandaa kwenda kusoma Marekani, iko siku mtapanga viti duara darasani na mwalimu atawauliza kuhusu rangi. Mimi niliulizwa muhula wa kwanza, Chicago. Nikajibu haraka: "Kwetu Tanzania hakuna mambo hayo." Dada mmoja, Mmarekani mweusi, aliyekuwa akiniazima madaftari yake, akafunika kalamu yake na kugeukia dirishani. Hakusema neno mpaka kipindi kikaisha.

Niliona nimesema kweli. Kumbe nimejitoa, nimewaachia wengine mzigo.

Kipindi kilichofuata mwalimu alitandaza mezani ramani ya jiji ya miaka ya 1930. Mitaa ilipakwa rangi kwa agizo la serikali, kijani kwa iliyoonekana salama kukopeshwa, nyekundu kwa ya hatari, na mitaa ya watu weusi ikatiwa nyekundu. Aliyeishi humo alipata shida kubwa kupata mkopo wa nyumba. Sheria ya kukataza ubaguzi huo ilikuja 1968, watu wameshazeeka kwenye nyumba za kupanga. Yule dada akaweka kidole penye wekundu. "Hapa ndipo kwa bibi yangu," akasema, na kidole hakikuondoka.

Hapo ndipo nilipokumbuka Dar es Salaam. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: tunayatamka majina haya bila kuyasikia! Wakoloni waliugawa mji kwa rangi, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Uhindini na Kariakoo. Miaka yote nilikatiza pale kwenda shule nikijua ni uwanja tu. Nikalisema hilo mbele ya wote, na pia lile lililoniuma zaidi, namna tulivyokuwa tukiwasema Wahindi na machotara sebuleni kwetu.

Kwa hiyo anza na ulichokiona: mtaa gani, nani alikaa wapi, nani hakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Maoni yatafuata yenyewe. Usimgeuze mwenzako mweusi msemaji wa watu wote weusi. Na ukimuumiza mtu, mfuate umwombe radhi kwa maneno machache, usimtwishe kazi ya kukubembeleza.

Mimi nilimfuata yule dada ngazini. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Huo Mnazi Mmoja uko wapi hasa?" Nikageuza karatasi ya somo, nikaanza kumchorea.