Barua kwa Mwanangu: Jina la Kuandika Kwenye Kibao

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na picha ya chumba ulichopata nimeiona. Kina mwanga mzuri upande wa dirisha. Cherehani iweke hapo, usiibane ukutani kama ulivyochora. Hayo ni madogo. Lililoninyima usingizi ni swali lako. Umeniuliza kama kibao cha mlangoni uandike jina langu, ambalo wateja wanalijua, au uandike lako. Ukiandika langu watasema umebebwa. Ukiandika lako, unaogopa itaonekana umenikana.

Nilitaka kukujibu kwa simu nikashindwa. Siku mbili nimekata nguo za watu huku nikimfikiria mtu ambaye mimi na wewe tunamfahamu vizuri, mwanamieleka wa Marekani Cody Rhodes. Utakumbuka ulivyokuwa ukikaa juu ya rundo la vitambaa tukitazama mieleka usiku, na siku moja ukaniuliza kwa nini yule kaka amepakwa rangi usoni na kuvalishwa nguo ya kumbana mwili mzima. Siku ile nilikujibu ovyo kwa sababu nilikuwa na oda ya kumaliza. Leo nakujibu sawasawa.

Nianze na baba yake. Dusty Rhodes hakuzaliwa Rhodes. Alizaliwa Texas mwaka 1945 kwa jina la Virgil Runnels, mtoto wa fundi bomba. Rhodes ni jina la ulingoni, alilijishonea mwenyewe. Wala hakuwa na mwili wa kuchongwa: tumbo lilitangulia, na akisema alikuwa na kithembe. Lakini akishika maikrofoni, watu walinyamaza. Mwaka 1985, akimsubiri mpinzani wake Ric Flair, tajiri wa majoho na saa za thamani, Dusty alisimama mbele ya kamera akazungumza juu ya siku ngumu, na wa kwanza kuwataja walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliokosa kazi huku wana watoto wanne, watano wa kulisha. Mimi ni fundi nguo. Kila nikiyasikiliza maneno yale huwa naona kama nimetajwa mimi. Walimwita Ndoto ya Marekani, na waliomwita hivyo walikuwa wavuja jasho wenzake.

Mkanda mkubwa wa NWA, umoja wa zamani wa waandaaji wa mieleka, aliutwaa mara tatu: 1979, 1981 na 1986. Uliompiga chenga ni ule wa kampuni inayoitwa WWE sasa. Mwaka 1977, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden pale New York, alimshinda bingwa Superstar Billy Graham, lakini kwa sababu bingwa alihesabiwa akiwa nje ya ulingo, na kwa kanuni zao mkanda haubadili mikono kwa ushindi wa namna hiyo. Akarudi nyumbani na ushindi bila mkanda. Shika hilo, nitalirudia.

Alipoingia katika kampuni hiyo mwaka 1989, walimvika nguo nyeusi yenye madoa makubwa ya manjano. Mpaka leo wapo wanaosema walitaka kumdhalilisha mtu aliyekuwa nguzo ya kampuni pinzani. Nimeitazama nguo ile kwenye picha mara nyingi kwa jicho la kazi. Haimfichi popote, haimpunguzi tumbo, haina huruma naye hata kidogo. Naye akaivaa, akaicheza, watoto wakaipenda.

Watoto wake wawili wa kiume walifuata kazi. Dustin, mkubwa, aliyezaliwa 1969, alivuma kuanzia 1995 akiwa Goldust, ndani ya vazi la dhahabu na uso uliopakwa rangi mpaka hatambuliki. Cody alizaliwa Juni 1985, mwaka uleule wa maneno ya siku ngumu. Shuleni Georgia alikuwa bingwa wa jimbo katika mieleka ile ya kweli ya wanafunzi, kwa hiyo asije mtu akakwambia hakujua kushindana. Alianza mafunzo ya kampuni mwaka 2006, na mwaka uliofuata akatambulishwa kwenye televisheni kama nani? Kama mtoto wa Dusty. Kisha akawekwa kwenye kundi na Randy Orton, ambaye baba na babu yake walikuwa wanamieleka, na Ted DiBiase mdogo, naye mtoto wa mwanamieleka. Kundi lenyewe liliitwa Urithi. Kijana wa miaka ishirini na ushee, na hata jina la genge lake linamkumbusha kuwa hapo alipo amerithishwa.

Mwaka 2011 akiwa na mkanda wa Intercontinental, ulio chini ya ule mkubwa wa kampuni, aliurudisha kwenye ngozi nyeupe ya zamani. Watu wengi hawalitaji jambo hili, mimi nalipenda sana. Hapo ndipo nilipoona kwanza kwamba kijana ana jicho lake.

Halafu ikaja ile rangi uliyoniuliza. Kuanzia 2014 alikuwa Stardust, mdogo wake Goldust. Mwanzo iliwafaa ndugu wawili. Ikaendelea, ikaendelea, mpaka jina la Cody Rhodes likafutika kabisa chini ya rangi. Alieleza baadaye kwamba aliomba mara nyingi arudishiwe jina lake, hakusikilizwa. Tarehe 11 Juni 2015 Dusty akafariki. Mei 2016 Cody akaomba kuondoka, akaacha mshahara wa uhakika.

Sasa sikiliza lililonigusa kuliko yote. Alipotoka hakuweza kujitangaza kwa jina la Rhodes. Lilikuwa limesajiliwa kuwa mali ya kampuni. Kwa miaka kadhaa mabango yalimwandika Cody tu, hadi mwishoni mwa 2020 alipolipata tena. Jina alilojishonea mtoto wa fundi bomba, mwanawe analifahamu tangu tumboni, na sheria inamwambia si lako. Basi akazunguka kumbi ndogo ndogo kwa jina moja. Lakabu akajipa Jinamizi la Marekani. Unaona alichofanya? Baba yake alikuwa Ndoto. Alichukua kitambaa kilekile akakigeuza nje ndani.

Mwandishi mmoja wa habari za mieleka alikuwa ameulizwa kama kampuni ndogo ya Marekani inaweza kuuza tiketi elfu kumi, akasema si kwa wakati huo. Cody akalichukua kama dau. Pamoja na ndugu wawili, Matt na Nick Jackson, waliandaa onyesho lao wenyewe, All In, tarehe 1 Septemba 2018 karibu na Chicago. Tiketi ziliisha kwa takriban nusu saa, na walioingia walikuwa 11,263. Usiku huo Cody alimshinda Nick Aldis akautwaa mkanda wa NWA, uleule wa baba yake. Hakuna baba na mwana waliokuwa wameushika mkanda huo kabla yao.

Mwezi Mei 2019, kwenye onyesho la kwanza la kampuni mpya ya AEW kule Las Vegas, alipigana na Dustin. Kaka mtu alikuwa na miaka 50. Nusu ya uso wake ilikuwa imepakwa rangi, nusu nyingine ikafunikwa damu, mpaka hukujua rangi inaishia wapi. Cody akashinda, kisha akamzuia kakaye asistaafu. Akamwambia ana pambano la timu linakuja, na anayemtaka si mshirika wala rafiki, anamtaka kaka yake. Wakakumbatiana, watu wazima wawili wanalia, na mama yako aliyekuwa anapita na chai akaketi chini bila kusema neno.

Najua utasema, kama kaka yako asemavyo kila siku, kwamba mieleka imepangwa. Ndiyo, imepangwa. Mshindi anaandikwa kabla kengele haijalia. Lakini mwili haupangwi, na ukumbi haupangwi. Aprili 2022 Cody alirudi WWE, safari hii kwa jina lake kamili, kwa suti yake, uso mtupu. Alipopewa maikrofoni alisimulia habari ya Madison Square Garden na mkanda ambao baba yake hakwenda nao nyumbani. Akasema amerudi kuufuata huo. Miezi miwili baadaye msuli wa kifua cha kulia ukachanika ukaachana na mfupa, na tarehe 5 Juni alikuwa ana pambano ndani ya kizimba cha chuma na Seth Rollins. Alipovua koti ukumbi mzima uliguna. Kuanzia begani, kifua chote, hadi kwenye mkono kulikuwa na zambarau iliyoiva karibu na weusi, kama kitambaa kilichomwagikiwa wino na hakuna sabuni ya kukitoa. Alipigana zaidi ya dakika ishirini hivyohivyo, akashinda, ndipo akaenda kupasuliwa. Sikusifii mtu kuumia kwa ajili ya kazi, na wewe sindano ikikuingia kidoleni acha kushona. Lakini baada ya usiku ule sikumsikia tena mtu akimwita mtoto wa Dusty kwa dharau.

Alirudi Januari 2023, wa 30 na wa mwisho kuingia kwenye Royal Rumble, pambano la watu thelathini ambalo mshindi wake hupata nafasi ya kumkabili bingwa, akashinda. Aprili akapambana na bingwa, Roman Reigns, ambaye baba yake Sika naye alikuwa mwanamieleka, na akapoteza. Siku ile nilizima televisheni kwa hasira. Mwaka uliofuata nafasi yake ya kukutana tena na Reigns ilielekea kuchukuliwa na The Rock, ambaye baba na babu yake walikuwa wa kazi hiyohiyo. Kama ni kushindana kwa ukoo, hapo Cody alikuwa amezidiwa. Waliomrudishia nafasi ni mashabiki. Walipiga kelele kumbini na mitandaoni wakimtaka yeye, mpaka mpango ukageuzwa. Tarehe 7 Aprili 2024, Philadelphia, alimshinda Reigns aliyekuwa bingwa kwa siku 1,316, akautwaa mkanda alioufuata. Wewe ndiye uliyenipigia simu alfajiri ile, na tulichofanya wote wawili ni kulia.

Na jina pekee halitoshi, hilo tumelishuhudia. Ric Flair, yule wa majoho, alikuwa na mwana, David, aliyepewa mkanda kwenye televisheni mwaka 1999 akiwa bado hajaiva, na hakudumu katika kazi. Binti yake, Charlotte, amekuwa bingwa mara nyingi mno. Baba ni yuleyule.

Sasa nikuambie ambalo sijawahi kukuambia. Lile koti la bwana harusi uliloshona ukiwa na miaka 17, mkono wa kushoto ulivutika kidogo begani. Usiku mlipolala nililifumua nikalishona upya. Asubuhi ulilishika bega, ukapitisha kidole kwenye mshono, ukajua. Hukusema kitu. Nami nilimwacha mteja aondoke akisema mtoto wa fundi ni fundi, huku mshono ule ni wangu. Nilidhani nakulinda. Ile ndiyo ilikuwa rangi, mwanangu, nami ndiye niliyekupaka. Nilipaswa kukuita, nikuoneshe lilipovutika, na nikuache ulifumue mwenyewe. Nisamehe.

Kwa hiyo kibao andika jina lako, herufi kubwa zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Hutakuwa umenikana. Hata hilo langu halikutoka kwa babu yako; babu alikuwa mvuvi, na jina la kazi nililianza mimi mwenyewe na cherehani ya kukodi. Ukitaka kuniweka mahali, niweke kwenye lebo ndani ya kola, ambapo mvaaji tu ataniona. Miaka ikipita, ukaona unataka kunitoa nje, utanitoa, na nitafurahi. Isiwe tu kwa sababu unaogopa watu hawatakuja.

Wateja watakaokuuliza kama wewe ni mtoto wangu, wajibu ndiyo, kisha uwapime bega.

Nimekutumia mkasi mkubwa, ule wenye mpini mweusi. Nimeuzungushia kipande cha bitana usipate unyevu njiani. Umetiwa makali juzi, kwa hiyo usikatie karatasi.

Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama choo ni cha ndani.

Baba yako