Rangi Zangu Hugeuka Tope

SWALI: Mhariri, ninajifunza kuchora kwa rangi za mafuta bahari ionekanavyo kutoka bustani ya Mama Ngina, Mombasa, lakini kila ninapoongeza tabaka la pili, buluu na kijani hugeuka tope. Ninakosea wapi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Ndugu msomaji, unafanya haraka. Rangi ya mafuta hukauka polepole, mafuta yake yanaposhikana na hewa, hivyo lisubiri tabaka la chini siku kadhaa kabla ya kuligusa tena. Anza na tabaka jembamba lililozimuliwa kwa tapentaini, kisha ongeza mafuta kidogo kidogo kila tabaka, kwani lenye mafuta mengi likitangulia, la juu hukauka kwanza na baadaye hupasuka. Pale maji yanapokutana na mbingu, paka buluu iliyofifia kwa brashi pana na laini. Povu linalovunjika kwenye miamba ya matumbawe liache mwisho kabisa, ulipige kwa rangi nzito na brashi ngumu, mara moja tu. Ukilirudia, brashi huchota buluu ya chini, na weupe ule, ambao kwangu ndio uhai wa picha nzima, hupotea. Brashi ya nyeupe usiichanganye na nyingine.