Kwa nini visa vya kuchekesha vya nyumbani havichuji, na namna ya kuviandika

Mleta mada ameuliza kwa nini kichekesho cha siasa kinachuja ndani ya wiki, ilhali kisa cha baba na rimoti kinatumiwa watu mwaka hadi mwaka, na cha namna hiyo kinaandikwaje.

Kichekesho cha siasa kinamtegemea aliyeko madarakani. Cha nyumbani kinategemea vyeo vya ukoo, na hivyo haviondoki: baba, shangazi, wifi, mkwe. Anayebadilika ni msomaji. Aliyecheka akiwa upande wa mtoto, miaka 20 baadaye anakisoma kilekile akiwa upande wa baba, na anakuta mahali pengine pa kucheka.

Anza na kitu kinachogombewa, kiwe kidogo na cha kuhesabika. "Mama alipika samaki tukagombana" haichekeshi. Weka hesabu: sato watatu, kila mmoja vipande vitatu, yaani kichwa, kati na mkia. Vipande tisa. Nyumba iko Mabatini, Mwanza, ina watu saba, na mgeni kabisha hodi ugali ukisongwa. Wanane. Vichwa viwili vina wenyewe, baba na mgeni. Kichwa cha tatu na kile kipande kinachozidi ndiyo kisa chenyewe, huna haja ya kubuni kingine. Wasemaji watatu wanatosha, kila mmoja akikitaka kwa sababu yake na asiwepo anayekiri. Mama anasema kiachwe cha kesho. Mjomba anauliza kama samaki wa leo atalala salama kwa joto hili.

Halafu ujue nani humtania nani. Bibi anamwita mjukuu "mume wangu" na kumdai sukari. Mkwe na mama mkwe hawataniani, kwa hiyo kicheko chao kinatoka kwenye kujizuia: mkwe anasema ameshiba, macho yako kwenye mkia. Ukimfanya amrushie mama mkwe utani, msomaji wa huku anaona aibu, kisa kinafia hapo. Ndiyo maana ukitaka kuwaficha ndugu, badilisha mtaa, kazi, hata aina ya samaki, lakini usigeuze shangazi kuwa mama mdogo. Shangazi ana sauti kwa kaka yake ambayo mama mdogo hana kwa shemeji.

Wengi huharibu kwenye lafudhi. Kuandika kila r kuwa l ili bibi asikike Msukuma kunachosha kufikia mstari wa pili, tena kunamdhalilisha. Acha apige simu, aanze na "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, aulizie watoto, ng'ombe na mvua, vocha ya shilingi 500 iishe kabla hajasema alichopigia.

Maneno 400 hadi 500 yanatosha kwa msomaji wa simu. Kinachochekesha kikae mwisho wa sentensi: "Mgeni alikula kichwa, akashukuru, akaomba kingine." Ukisema "aliomba kingine baada ya kula cha kwanza na kushukuru", umeshakimwaga. Futa "mbavu sina" na vikaragosi (emoji) vyote. Kauli ya baba, tuseme "umeme halipi mjomba wako", itokee mara mbili hivyohivyo. Ya tatu aitoe mtoto wa darasa la pili, baba akiwa kasahau taa ya bafuni.

Kabla ya kukituma, msomee kwa sauti ndugu mmoja aliyemo. Akikukatiza kusahihisha idadi ya samaki, sahihisha. Akinyamaza, kuna sehemu imemuuma. Muulize ni ipi, uitoe.