USIFOMATI HIYO KADI! Ukubwa kulingana si ushahidi

Mkuu, acha kwanza. Umesema umehamisha video za harusi kutoka kadi ya kamera kwenda flashi mpya, umeona ukubwa umelingana, na unataka kufomati kadi usiku huu kwa sababu kesho una kazi nyingine. Halafu unauliza MD5 na SHA-256, njia mbili za kukokotoa alama ya faili, ipi bora, na programu gani nzuri ya kulinganisha folda mbili. Nyumba inaungua, wewe unauliza rangi ya mapazia.

Nimepita hapo hapo. Nilinunua flashi ya GB 512 Kariakoo kwa bei ambayo mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Fundi wangu wa kompyuta akaniambia: "Angalia ukubwa tu. Baiti zikilingana mpaka ya mwisho, faili ni lile lile, kalale." Nikaangalia: GB 118 huku, GB 118 kule, hakuna baiti iliyopungua. Nikafomati kadi zote mbili Jumamosi usiku, Jumapili nikarekodi harusi nyingine juu yake.

Jumatatu nafungua. Kanisani safi, pete safi. Ukumbini, faili linagoma. Keki, linagoma. Nikafungua moja kwa programu inayoonyesha baiti zenyewe: 00 00 00 00, juu mpaka chini, kama daftari la mtoto aliyekataa shule. Kumbe flashi ilikuwa na GB 32 za kweli, imechezewa iiambie kompyuta ina 512. Zile 32 zikijaa inaendelea kupokea data na kuitupa, huku orodha ya mafaili, iliyoandikwa mwanzoni kabisa, ikionyesha majina na ukubwa bila kasoro. Ulichoona wewe ni hiyo orodha, mkuu. Umehesabu magunia, hujafungua hata moja kuona kama ni mahindi au pumba.

Programu za kurudisha mafaili zilinipa vipande vya sekunde chache, maana harusi ya Jumapili ilishakalia nafasi. Nilirudisha pesa yote. Bwana harusi akabaki na video ambayo watu wanatoka kanisani, halafu mwisho. Nikamwambia ndio mtindo wa kisasa. Hakucheka. Na fundi? "Flashi za siku hizi, bwana." Yaani kosa la siku hizi! Mpaka leo tukikutana naangalia simu.

Sasa nisikilize. Kabla ya kukopi, chukua cheksamu, yaani ile alama inayokokotolewa kutoka baiti zote za faili, ya kila faili likiwa bado kwenye kadi. Windows, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) ndani ya hiyo folda, andika Get-FileHash *.MP4. Kila faili linatoa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika biti moja tu, mlolongo unakuja mwingine kabisa. Hifadhi hiyo orodha, kisha kopi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanateleza: toa flashi kwa utaratibu, ichomoe kabisa, ichomeke upya, ndipo uchukue cheksamu upande wa flashi. Ukiichukua papo hapo, kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye RAM (kumbukumbu yake ya muda) badala ya kilichomo ndani ya flashi, na utafurahi bure. Zikipishana hata kwa faili moja, kadi haiguswi. Zikilingana zote, fomati hata mara tatu ukitaka. Kwa GB 118 itachukua muda. Mimi huwa naenda kula.

MD5? Watafiti wa China waliivunja 2004, yaani walipata data mbili tofauti zenye MD5 moja, lakini hiyo ni hatari ya mtu anayetengeneza faili bandia makusudi. Flashi feki haina akili hiyo, ina wizi tu. Tumia SHA-256, ndiyo hiyo Get-FileHash inayokupa, tuendelee.

Na hiyo flashi yako mpya ipime kwa H2testw, programu ya kupima flashi, kabla hujaiamini na hata picha moja. Inaijaza yote kisha inasoma upya ilichoandika, uongo unaonekana.

Hebu nijibu kwanza: kadi iko wapi sasa hivi? Kama iko ndani ya kamera, itoe.