Gari Ruksa, Baba Hapana

Asubuhi za Uyole, Mbeya, mwezi wa saba, gari letu haliwashwi, linaamkiwa. Baba anatoka na koti refu na kofia ya sufu, anavuta choki, anapiga stata, anasubiri. Anapiga tena. Mara ya tatu linakohoa, linatoa moshi mweupe, linatulia. Likigoma kabisa, ananiita nikasukume.

Ni Peugeot 504, gia za kwenye usukani. Alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 1988, na ukilikosoa atakukumbusha kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Hapo mjadala umekwisha.

Siku moja nikalipiga picha likiwa kwenye ukungu, nikaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno mawili tu: "Shikamoo babu." Wengi wa kundi lile hatujawahi kuonana. Hazikupita dakika tano. "Kaitikia marahaba kwa moshi!" "Hiyo rejeta inakunywa kama imetoka kilabu cha ulanzi." "Likianza mlima wa Kitonga Jumatatu, Ilula mtaingia na kengele ya ibada." Chai ilinipalia kwa kicheko.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna mkweche, anza kuutania mwenyewe. Anayeanza ndiye anayechagua pa kucheka. Mimi niliwapa babu, nao wakamshika babu.

Ila kuna mmoja akaandika: "Mzee wako naye, miaka yote hiyo kashindwa hata kubadilisha gari?" Nami, kwa kutotaka kuonekana nimenuna, nikaweka kile kisura cha kucheka machozi. Kosa langu ni hilo, na nilifanya kwa kidole kimoja. Mdogo wangu naye yumo kwenye kundi; jioni akamwonyesha Baba. Baba hakugomba. Aliuliza tu, "Huyu naye anaendesha nini?"

Kesho yake gari likagoma, na hakuniita. Nilimwona dirishani, mkono mmoja kwenye usukani, bega kwenye nguzo ya mlango, akilisukuma peke yake kuelekea mteremko wa getini.

Huku kwetu kusini utani si kitu kigeni. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, na leo wanataniana mpaka msibani bila mtu kununa, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake ni nani na mpaka uko wapi. Kwenye simu hakuna aliyewatambulisha. Mpaka uuweke wewe, tena palepale, kwa maneno machache yasiyo na ugomvi. Siku hizi naandika, "Gari ruksa, Baba hapana," na watu wanarudi kwenye ekzosi.

Na ufiche namba ya gari kabla ya kutuma picha. Yangu ya kwanza ilionyesha namba na geti letu. Siku mbili baadaye mtu nisiyemjua akanitumia ujumbe kuuliza bei, na duka la jirani analitaja kwa jina. Niliifuta haraka.

Kubwa zaidi: utani uuchuje, maana ndani yake kuna mafundi. Baada ya ule wa ulanzi, jamaa mmoja aliye gereji Makambako aliniuliza faragha, "Lina themostati?" Halina. Fundi wetu aliitoa zamani akidai ndiyo inayochemsha gari. Wengi tunadanganyika hapo. Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ukiitoa, kwa baridi hii ya Mbeya injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta bure, na kama kilichokuwa kinachemsha ni rejeta iliyoziba au mfuniko wake usioshika presha, ugonjwa umeuacha palepale.

Mfuniko ndio wa kuangalia sana kwa sisi wa milimani. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho sufuria ya maji inachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ni presha ya mfuniko inayoyatuliza maji ya rejeta yasichemke mapema hivyo. Wetu ulikuwa na mpira uliokauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Tukapata mwingine Mwanjelwa. Tafadhali usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka. Baba yangu mdogo ana kovu la mkononi lililotokana na haraka hiyo.

Nilimpelekea Baba chai nikamwambia nimekosa. Akanywa nusu kikombe kwanza. "Gari ni langu," akasema, "lakini kusukuma ni kwako."

Wiki iliyofuata alikwenda Tukuyu na kurudi, akapanda Isongole yote bila kusimama kuongeza maji. Alipoingia ndani alikuwa bado ameshika funguo.

"Waulize hao watu wako," akasema, "kama kuna mwenye taa ya nyuma. Ya kulia."